Mbuni Uliochoka: Namna ya Kuukata Upate Kuzaa Tena

Mbuni uliochoka hutambulikana kwa macho. Ukisimama chini yake waona shina refu, tupu, na juu kabisa matawi machache yaliyotanda kama mwavuli uliochakaa. Majani yake ni ya manjano, ncha za matawi zimekauka zikawa nyeusi, na buni zake ni ndogo, nyingine nyepesi zisizo na kitu ndani. Miti ya namna hii ni mingi katika vihamba vya Kilimanjaro, na mingine imepita miaka 50 tangu ilipopandwa. Katika somo hili twataka kueleza kwa nini mti hufikia hali hiyo, na namna ya kuukata ili uzae tena. Maneno yetu yahusu kahawa ya arabika tu. Robusta ya Bukoba ina tabia yake, wala haifai kuichanganya na hii.

Yapasa kwanza kuijua tabia ya mti wenyewe, maana akataye bila kuijua huharibu. Mbuni una mimea ya namna mbili: shina liendalo juu, na matawi yaendayo ubavuni. Katika kila kifundo shina hutoa matawi mawili, moja huku na moja huku. Tawi hilo likikatika pale linapoungana na shina, tawi jingine la ubavuni halitoki tena mahali pale. Kinachotoka ni chipukizi lisimamalo wima, lenye tabia ya shina. Hata ukitwaa kipande cha tawi la ubavuni ukakipanda kikashika mizizi, hakitasimama kuwa mti. Kitakwenda upande upande karibu na ardhi. Mwalimu mwenye bustani ya shule aweza kuwaonyesha watoto jambo hili kwa mti mmoja na kisu kimoja, nao hawatalisahau.

Kwa hiyo mti uliopoteza matawi yake ya chini umeyapoteza kabisa. Mtu akingoja yarudi kwa kutia samadi peke yake, atangoja bure. Matawi mapya ya ubavuni hutoka juu ya shina jipya tu, na shina jipya halipatikani ila kwa kulilea chipukizi.

Tena mbuni huzaa juu ya sehemu ya tawi iliyokua mwaka uliotangulia. Kifundo kilichokwisha kuzaa aghalabu hakizai mara ya pili. Basi kila mwaka mazao husogea mbele kidogo, kutoka karibu na shina kwenda kwenye ncha, na kutoka chini kwenda juu, hata mwisho mti wawa na kuni nyingi na buni chache. Chakula kitokacho mizizini chasafiri mbali kupita katika miti mizee isiyozaa kitu, kabla ya kufika penye kazi.

Liko na jambo la tatu, nalo ndilo liwadanganyalo wakulima wengi. Miti mingi ya matunda huangusha yale yaliyozidi nguvu zake. Mbuni hauna hekima hiyo; huyashika karibu yote. Mwaka wa mvua njema hujaa buni hata matawi yakainama, na mwenye shamba hufurahi. Lakini buni hizo huvuta chakula katika majani, kisha majani huanguka, kisha mizizi midogo hufa kwa kukosa chakula kutoka majanini, na ncha za matawi hukauka. Mwaka wa pili hakuna mavuno. Mwenye shamba husema ugonjwa umeingia, au jicho la jirani, kumbe mti umezaa kupita kiasi. Mti usio na kivuli, ama ulioshambuliwa na kutu ya majani, huanguka katika hali hii upesi zaidi, kwa kuwa majani yake ni machache tangu hapo.

Kabla ya kushika msumeno, chunguza. Fukua udongo kidogo shinani, ukwaruze gome. Likiwa bichi na lenye rangi ya kijani chini yake, mizizi bado i hai. Lakini ukiona utando mweupe kama ukoko chini ya gome, huo ni ukungu wa mizizi, na mti huo haukatwi bali hung'olewa wote pamoja na mizizi yake na kuchomwa moto, usije ukaambukiza jirani zake. Tazama pia kama kuna matundu yanayotoa unga wa mti: hiyo ni kazi ya bungua. Mdudu huyo hutafutwa ndani ya tundu kwa kipande cha waya. Akiwa ameshuka hata mzizini, hakuna faida kukilea kisiki hicho.

Twajua kuwa neno la kukata lina uzito. Kahawa ililetwa mlimani na mapadre mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1925 wakulima wa Kiafrika wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha wapanda kahawa, na mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na chama cha ushirika cha KNCU. Kwa fedha za mibuni watoto walisomeshwa na nyumba za mabati zikajengwa. Basi mzee akiambiwa akate mbuni uliopandwa na baba yake, huona kama aambiwa auvunje mkono uliomlisha. Tumesikia wazee wakikataa, na maneno yao si ya kuchekwa. Lakini kilichopandwa na baba ni mizizi, na mizizi haiguswi. Shina ndilo libadilishwalo, kama nyumba inavyobadilishwa makuti.

Na wako waliochoka kabisa, wakang'oa kahawa yote na kupanda mahindi au mboga. Hao nao hatuwalaumu, kwa maana bei ya kahawa ilianguka vibaya mapatano ya mataifa yalipovunjika mwaka 1989, na wengi hawakusahau. Ila ang'oaye na ajue hesabu yake: mche mpya hukaa miaka mitatu au minne kabla ya kutoa mavuno ya maana, na kisiki chenye mizizi mizima humtangulia. Mibuni ikiwa inashambuliwa sana kila mwaka na chulebuni na kutu ya majani, hapo ndipo kupanda upya kwafaa kuliko kukata, kwa kuwa tangu mwaka 2005 kituo cha utafiti cha Lyamungu kimetoa aina za arabika zishindanazo na magonjwa hayo mawili.

Sasa kazi yenyewe. Majira yake ni baada ya kuchuma kwisha na kabla ya masika, yaani Januari na Februari kwa Kilimanjaro. Tumia msumeno mkali, wala usitumie panga, kwa kuwa panga hupasua kisiki na maji huingia katika ufa. Kata shina kwa urefu wa futi moja hata futi moja na nusu kutoka ardhini, na ukate kwa mshazari ili maji ya mvua yateremke, yasituame. Paka kidonda rangi ya mafuta iliyochanganywa na dawa ya shaba. Mti ukiwa na mashina mawili au matatu, usiyakate yote kwa siku moja. Acha moja lenye majani, livute pumzi kwa ajili ya mizizi hata machipukizi yapate nguvu. Mti wenye shina moja lenye matawi ya chini mazima, yaache nayo kwa kazi hiyo hiyo.

Baada ya miezi miwili au mitatu kisiki hujaa machipukizi, pengine kumi na zaidi. Hapa ndipo wengi huharibu kazi njema. Huyaona yamestawi, huyahurumia, nayo yakiachwa yote huwa kichaka kisichozaa. Chagua mawili au matatu yenye nguvu, yaliyotoka chini chini na kuachana, kila moja upande wake, na mengine yote uyakwanyue kwa mkono yangali laini. Yatatoka tena, nawe utayaondoa tena, kila mwezi au kila miezi miwili. Kazi hii haihitaji nguvu, na watoto waweza kuifanya wakifundishwa mara moja. Machipukizi uliyoyachagua yakisimama imara, lile shina la pumzi nalo hukatwa.

Aliye na mibuni 300 asiikate yote mwaka mmoja, asije akakosa karo. Na aigawe mafungu manne ya miti 75. Mwaka wa kwanza akate fungu moja: hubaki miti 225 yenye kuzaa. Mwaka wa pili akate fungu la pili: hubaki 150. Mwaka wa tatu lile fungu la kwanza laanza kuzaa, basi ingawa amekata fungu la tatu, bado ana 150. Mwaka wa nne ni 150 vile vile, nayo yote ni mipya. Mwaka wa tano ni 225, na wa sita 300. Walimu na waiandike hesabu hii ubaoni, kwa kuwa mtoto akiisha kuielewa ataipeleka nyumbani kwa baba yake. Miaka ya pili, ya tatu na ya nne ni ya kubana matumizi, na ni afadhali jamaa yote walijue hilo mapema. Mashina mapya huzaa vizuri kwa miaka mitano au sita, ndipo machipukizi mengine huchaguliwa kuchukua mahali pake.

Kisiki chahitaji chakula. Tia samadi iliyooza, debe moja au mawili, pembeni mwa kisiki pasipo kukigusa, kisha tandaza majani makavu ya migomba. Matandazo hayo huzuia jua na magugu, na hushika maji ya mfereji yasipotee. Migomba yenyewe ipunguzwe ikiwa imesongamana, lakini mringaringa usikatwe, kwa kuwa kivuli chepesi huuzuia mbuni usizae kupita kiasi.

Mwanga utakaoingia kati ya visiki mwaka wa kwanza usipotee bure. Maharage hufaa sana mahali hapo, hulisha jamaa katika mwaka usio na kahawa, na mabua yake hurudi kuwa matandazo. Mahindi hayafai, kwa maana hukua marefu kuliko machipukizi na kuyanyang'anya jua katika miezi ile ile yanapolihitaji.