Daktari wa timu akidhulumu, chuo kina la kujibu

Vijana wetu wamekuwa wakienda Marekani kusoma kwa ufadhili wa riadha tangu enzi za Henry Rono, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State alipovunja rekodi nne za dunia mwaka wa 1978. Mzazi anayemwaga mwanawe uwanja wa ndege huwa ameuliza mengi: karo italipwa na nani, baridi ni kali kiasi gani, chakula ni kipi. Swali ambalo sijamsikia mzazi akiliuliza ni hili: mtoto akiumia nyonga au kifundo cha mguu akiwa huko, atatibiwa na nani, na daktari huyo anasimamiwa na nani?

Swali hilo si la bure. Katika vyuo vikuu vitatu vya umma nchini Marekani, viwili katika jimbo la Michigan na kimoja Ohio, daktari wa wanamichezo aliwadhulumu kimapenzi wagonjwa wake kwa miaka mingi. Katika vyuo vyote vitatu malalamiko yalitolewa mapema. Wiki hii ningependa tukitazame hasa kisa cha Chuo Kikuu cha Michigan State, kwa sababu kinatufunza mambo mawili kwa pamoja: jinsi uchunguzi halali wa kitabibu unavyopaswa kufanywa, na jinsi taasisi inavyoweza kusikia malalamiko bila kuyasikiliza.

MIKONO YA DAKTARI

Larry Nassar alikuwa daktari wa osteopathi, tawi la udaktari linalotilia mkazo mifupa, misuli na tiba ya kutumia mikono. Alifundisha na kutibu katika Michigan State kuanzia mwaka wa 1997 hadi alipofutwa kazi Septemba 2016, na kwa sehemu kubwa ya muda huo alikuwa pia daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki ya Marekani. Wasichana walipelekwa kwake wakiwa na maumivu ya mgongo, nyonga na mapaja, maumivu ambayo mchezo huo wa kujipinda na kuruka huyaleta kwa wingi. Aliwaingiza vidole sehemu za siri na wengine akawapapasa matiti, huku akisema hayo ndiyo matibabu. Wakati mwingine mzazi alikuwamo humo humo chumbani, naye daktari akasimama kwa namna ya kumziba asione.

Msomaji huenda akashangaa iliwezekanaje. Jibu ni kwamba ipo tiba ya kweli inayofanana na uongo wake. Chini ya nyonga kuna misuli inayoshikilia kibofu, kizazi na sehemu ya mwisho ya utumbo. Misuli hiyo ikikaza kupita kiasi huweza kuleta maumivu ya nyonga na kiuno, na mtaalamu aliyefunzwa kazi hiyo anaweza kuifikia kwa kidole kupitia ukeni ili ailegeze. Ni tiba inayokubalika, hasa kwa wanawake watu wazima wenye matatizo ya misuli hiyo. Mgonjwa anayeihitaji hana haja ya kuiogopa.

Ila ina masharti, na masharti hayo ndiyo yanayoitenganisha na dhuluma. Mgonjwa huelezwa kwa maneno anayoyaelewa, akiwa bado amevaa nguo zake, ni sehemu gani itakayoguswa na kwa nini. Huulizwa kama anakubali, na jibu lake la "hapana" hutosha bila maelezo. Hufunikwa shuka kiasi kwamba panapobaki wazi ni pale tu panapochunguzwa. Daktari huvaa glavu. Mtu wa tatu, aghalabu muuguzi, hualikwa awepo. Akiwa mgonjwa ni mtoto, mzazi huelezwa waziwazi kinachokusudiwa. Mwishowe yote yaliyofanyika huandikwa katika faili, maana tiba ambayo daktari hataki kuiandika ina kasoro. Wengi waliotoa ushahidi dhidi ya Nassar walieleza kwamba hakuvaa glavu wala kuomba ruhusa, na hakuna aliyewatayarisha kwa lililokuwa likija.

Inafaa pia kukumbuka kwamba mwanariadha amezoea kuguswa. Kocha humshika mgongo kumrekebisha, mkandaji humkanda mapaja, na maumivu ni sehemu ya kazi yake ya kila siku. Amefunzwa tangu utotoni kutii na kuvumilia. Mtu wa aina hiyo akiambiwa na daktari mashuhuri, ambaye ukutani kwake kuna picha za mabingwa wa Olimpiki, kwamba hii ni tiba, atajilaumu mwenyewe kwa kuona haya.

CHUO KILISIKIA

Wasichana wawili wamesema kwamba walimweleza kocha wa jimnastiki wa chuo hicho mwaka wa 1997, mmoja wao akiwa na umri wa miaka 16. Kocha alikana kwamba aliambiwa hivyo. Mwaka wa 2020 alihukumiwa kwa kosa la kuwadanganya polisi, lakini Mahakama ya Rufaa ya Michigan ikaifuta hukumu hiyo mwaka uliofuata.

Lililo wazi zaidi ni la mwaka wa 2014, nami nadhani ndilo linalostahili kusomwa na kila msimamizi wa chuo na hospitali. Mwanamke kijana aliyekuwa amehitimu katika chuo hicho alikwenda kwa Nassar na maumivu ya nyonga. Alilalamika kwamba alishikwa titi na sehemu za siri hata baada ya kumwambia daktari aache. Alifuata utaratibu wote unaotakiwa: aliripoti, akahojiwa, akasubiri. Chuo kiliwaita wataalamu ili waseme kama kitendo hicho ni tiba. Wataalamu hao walikuwa watu wa chuo hicho hicho, baadhi yao wakiwa karibu na Nassar. Walijibu kwamba ni tiba. Mwanamke huyo akaambiwa kwamba hakuelewa tofauti kati ya matibabu na dhuluma.

Tuseme wataalamu hao walikuwa waaminifu kabisa. Hata hivyo waliulizwa swali lisilofaa. Hata upasuaji wa kuondoa kidole tumbo, ambao hakuna anayebisha kwamba ni tiba, ni shambulio ukifanywa kwa mtu aliyekataa. Swali la kwanza lilipaswa kuwa: je, mgonjwa alielezwa, akakubali? Hilo halikuhitaji rafiki wa daktari kulijibu, kwani aliyekuwa na jibu ni mgonjwa mwenyewe.

Kuna jambo jingine lililojitokeza baadaye ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Ripoti ilikuwa na matoleo mawili. Mlalamishi alipewa fupi. Katika lile alilopewa Nassar na wakubwa wa chuo, mlikuwa na onyo kwamba namna anavyofanya kazi ingeweza kuwaumiza wagonjwa na kukitia chuo hatarini kisheria. Kwa maneno mengine, waliokuwa na uwezo wa kujilinda walionywa.

Julai 2014 Nassar alirudi kuwaona wagonjwa, kabla ya polisi kumaliza uchunguzi wao. Aliwekewa masharti: awepo mtu wa tatu anapogusa sehemu nyeti, mgusano wa ngozi kwa ngozi upunguzwe, na mgonjwa aelezwe. Ni masharti mazuri, yanafanana na yale niliyoyataja hapo juu. Lakini hakuna aliyepewa kazi ya kuangalia kama yanafuatwa. Mkuu wa kitivo cha osteopathi, William Strampel, hakufuatilia, na wagonjwa wengine wakadhulumiwa katika miaka miwili iliyofuata.

MADHARA MWILINI

Huulizwa mara kwa mara kwa nini mtu aliyedhulumiwa hakupiga kelele wala kukimbia. Mwili ukitishika huwa na njia tatu: kupigana, kukimbia, au kuganda. Hiyo ya tatu haichaguliwi. Misuli hukataa kuitika, sauti hupotea, na wengine huhisi kana kwamba wanajitazama kutoka mbali. Baadaye mtu hubaki na aibu, akiamini kwamba kunyamaza kwake kulikuwa kukubali.

Madhara ya baadaye huja kliniki kwa sura nyingi: kukosa usingizi, ndoto za kutisha, maumivu ya kichwa na ya chini ya tumbo yasiyoonekana chanzo, huzuni, ulevi, mawazo ya kujiua. Liko moja ambalo halitajwi vya kutosha. Waliodhulumiwa, hasa na daktari, huwakwepa madaktari. Mwanamke wa namna hiyo huweza kukaa miaka mingi bila kupimwa saratani ya mlango wa kizazi kwa sababu hawezi kulala juu ya kitanda cha uchunguzi.

Mwenendo wa taasisi nao una madhara yake. Mwaka wa 2013 wanasaikolojia Carly Smith na Jennifer Freyd, wa Chuo Kikuu cha Oregon, walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa kike waliokuwa wamedhulumiwa kimapenzi. Wale ambao taasisi yao ilishindwa kuzuia kitendo hicho au iliwajibu vibaya walikuwa na dalili kali zaidi, zikiwemo za wasiwasi, kuliko wale waliotendewa kitendo tu. Kwa hiyo anayemwambia mlalamishi "hukuelewa" humwongezea ugonjwa.

Na tusidhani ni mambo ya wasichana pekee. Katika Chuo Kikuu cha Ohio State, Daktari Richard Strauss aliwadhulumu angalau wanafunzi 177, wanaume, wakiwemo wanamieleka na wachezaji wa michezo mingine, kati ya mwaka wa 1978 na 1998. Ripoti iliyoagizwa na chuo chenyewe na kutolewa Mei 2019 ilisema kwamba wafanyakazi wa chuo walikuwa na habari tangu mwaka wa 1979. Hatua ya maana haikuchukuliwa hadi 1996, alipoondolewa kwenye kazi ya kuwatibu wanafunzi, naye akafungua kliniki yake binafsi karibu na chuo. Aliacha kazi mwaka wa 1998 akiwa na cheo cha heshima cha profesa mstaafu. Alijiua mwaka wa 2005, na cheo hicho kikafutwa 2019. Katika Chuo Kikuu cha Michigan, ambacho si Michigan State, Daktari Robert Anderson alifanya kazi tangu miaka ya 1960 hadi 2003. Mwaka wa 2022 chuo hicho kilikubali kuwalipa waathiriwa zaidi ya 1,000 jumla ya dola milioni 490.

NANI ALIWAJIBIKA?

Nassar alihukumiwa miaka 60 na mahakama ya serikali kuu Desemba 2017 kwa kumiliki picha chafu za watoto, kisha kati ya miaka 40 na 175 mnamo Januari 24, 2018, baada ya zaidi ya wanawake 150 kusimama mahakamani au kutuma maelezo yao kwa siku saba. Jioni ya siku hiyo hiyo rais wa chuo akajiuzulu. Mei 2018 chuo kilikubali kulipa dola milioni 500. Septemba 2019 Wizara ya Elimu ya Marekani ikakitoza faini ya dola milioni 4.5 chini ya Sheria ya Clery ya mwaka wa 1990, ambayo hulazimisha vyuo kutangaza uhalifu unaotendeka ndani yake. Strampel alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja kwa makosa yaliyojumuisha kupuuza wajibu wake. Hata baada ya hayo yote, bodi ya chuo ilikataa kwa miaka kadhaa kumpa mwanasheria mkuu wa jimbo nyaraka zaidi ya 6,000, hadi ilipopiga kura ya kuzitoa Desemba 2023.

Dola milioni 500! Mshahara wa muuguzi wa kusimama chumbani ungekuwa tone tu katika bahari hiyo.

Kwa mzazi na mwanafunzi, kuna ya kuangalia kabla ya kutia sahihi. Uliza kama daktari wa timu anawajibika kwa idara ya michezo au kwa hospitali. Akiwajibika kwa idara inayotaka mchezaji arudi uwanjani Jumamosi, malalamiko yatapita mikononi mwa watu wenye maslahi. Uliza mlalamishi huenda wapi asipotaka kupitia kwa kocha. Kila chuo kinachopokea pesa za serikali ya Marekani hutakiwa kuwa na afisa wa kushughulikia dhuluma na ubaguzi wa kijinsia, chini ya sheria iitwayo Title IX ya mwaka wa 1972. Hata hivyo mwanafunzi hafungwi na chuo. Anaweza kwenda moja kwa moja kwa polisi wa mji. Mgeni mwenye visa ya mwanafunzi ana haki hiyo kama mwenyeji.

Aliyebakwa afike hospitali upesi. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na za dharura za kuzuia mimba ndani ya saa 120, ingawa kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Asioge kabla ya kuchunguzwa, na nguo alizovaa zihifadhiwe kwenye mfuko wa karatasi, kwani plastiki hushika unyevu na kuharibu ushahidi.

Ikiwa siku nyingi zimepita, bado inafaa kumweleza muuguzi au daktari mwingine na kumwomba aandike. Rachael Denhollander alitendewa na Nassar mwaka wa 2000, akiwa na miaka 15, alipokwenda kutibiwa mgongo. Mwaka wa 2004 alimsimulia muuguzi, naye muuguzi akayaandika katika faili lake la matibabu. Denhollander alipojitokeza hadharani Septemba 2016 kupitia gazeti la Indianapolis Star, na kuwaendea polisi wa chuo, maandishi hayo ya miaka 12 yalikuwa miongoni mwa karatasi alizobeba.