Kuipata Hukumu si Kuijua Sheria: Utafiti katika Hifadhidata ya Kenya Law

Utangulizi

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi (Kifungu cha 7). Aidha, ilimpa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila malipo (Kifungu cha 50(2)(m)). Mwanafunzi wa Kiswahili anayetaka kujua mahakama zimeifasiri vipi haki hiyo hana budi kuzisoma hukumu zenyewe. Makala haya yanadhamiria kuonyesha namna ya kuzitafuta, na kutahadharisha dhidi ya kosa moja: kudhani kwamba hukumu iliyopatikana ndiyo sheria inayotumika.

Kutafuta

Kenya Law ni jina la kazi la baraza la kitaifa la kuchapisha ripoti za sheria, lililoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1994. Tovuti yake ina hukumu, sheria za Bunge, kanuni na Gazeti Rasmi la Serikali, na husomwa bila malipo. Kwa kuwa hukumu nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, anayeandika "mkalimani" pekee ataambulia machache. Aandike "interpreter", aongeze nambari ya kifungu, kisha ayachuje matokeo kwa mahakama na mwaka.

Kuisoma anwani ya hukumu

Tuchukue mfano wa [2022] KESC 8 (KLR). 2022 ni mwaka, KESC ni Mahakama ya Juu, na 8 ni nambari ya hukumu. KECA ni Mahakama ya Rufaa, nayo KEHC ni Mahakama Kuu. Herufi hizi si pambo. Zinaonyesha ngazi, na uamuzi wa Mahakama ya Juu huzifunga mahakama nyingine zote.

Kuifuata kesi hadi mwisho

Anwani hiyo ni ya kesi ya mswada wa BBI. Tarehe 13 Mei 2021, Mahakama Kuu iliamua kwamba muundo msingi wa Katiba hauwezi kubadilishwa kwa njia ya kawaida ya marekebisho. Mahakama ya Rufaa iliunga mkono msimamo huo tarehe 20 Agosti 2021. Hata hivyo, tarehe 31 Machi 2022, majaji wengi wa Mahakama ya Juu walishikilia kwamba nadharia hiyo haitumiki nchini Kenya. Mswada ulianguka hata hivyo, kwa kuwa Rais hana mamlaka ya kuanzisha marekebisho kupitia mpango wa wananchi.

Hapa ndipo penye mtego. Matokeo yalikuwa yale yale katika ngazi zote tatu, lakini sababu ilibadilika. Mtafiti aliyeishia Mahakama Kuu atainukuu kwa ujasiri hoja iliyokwisha kutanguliwa.

Kanuni nazo

Kanuni zinazotungwa na mawaziri zina umri wake. Kwa mujibu wa Sheria ya mwaka wa 2013 kuhusu hati za kisheria, kanuni hukoma miaka 10 baada ya kutungwa, isipokuwa imefutwa mapema au imeepushwa kwa utaratibu uliowekwa. Waziri aweza kuirefusha kwa muda usiozidi miezi 12. Kwa hivyo, kabla ya kuinukuu kanuni yoyote, sharti mtafiti aitazame tarehe yake, kisha alipekue Gazeti Rasmi.

Hitimisho

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hifadhidata humfikisha mtafiti mlangoni, ila haimwambii daima kwamba mwenye nyumba amehama. Ni wajibu wake kuuliza maswali matatu: Ni mahakama gani iliyoamua? Je, kulikuwa na rufaa? Je, sheria hii ingali hai? Mtafsiri au mwalimu asiyeyauliza anaweza kumweleza mwananchi, kwa Kiswahili sanifu kabisa, haki ambayo hana.