Vipuri vya Kompyuta ya Gemu kwa Bajeti Ndogo: Mwongozo kwa Wakazi wa Katito

Uchaguzi wa kompyuta ya gemu ya bei nafuu huanzia kwenye umeme. Umeme wa Kenya ni wa volti 240, lakini jioni kila nyumba inapowasha vitu vyake volti hushuka, na mvua ya radi ikianza hukatika kabisa. Kituo cha Sondu Miriu, chenye uwezo wa megawati 60, kiko hapo hapo Nyakach. Hata hivyo umeme wake huingia kwenye gridi ya taifa, na ujirani huo haumkingi mkazi wa Katito na hitilafu za nyaya za mtaani kwake. Kwa hiyo fedha za UPS, yaani kifaa cha betri kinachoshikilia umeme unapokatika, zitengwe mapema, kabla ya kadi ya grafiki kuzimaliza. UPS iliyoandikwa VA 650 haitoi wati 650; nyingi za ukubwa huo hutoa wati 360 hadi 390, na hizo zinatosha kompyuta ndogo ya gemu pamoja na skrini yake kwa dakika chache za kuhifadhi mchezo na kuzima vizuri. Radi ikinguruma, plagi ichomolewe, kwa maana ukanda huu wa ziwa hupigwa na radi kuliko sehemu nyingi za nchi.

Njia ya gharama ndogo zaidi ni kununua kompyuta ya ofisi ya mtumba, kama Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre, kisha kuiongezea kadi ya grafiki. Hupatikana katika maduka ya mjini Kisumu, na zisipopatikana huagizwa kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, zikaletwa kama kifurushi. Prosesa husomwa kwa namba yake: katika i5-6500, tarakimu 6 ya mbele ni kizazi cha sita, i5-8500 ni kizazi cha nane. Tofauti hii ina uzito, kwa sababu msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hukubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane. Aliye na fedha za kizazi cha nane asishawishike kurudi nyuma kwa kuokoa shilingi chache.

Kabla ya kulipa, kasha lifunguliwe palepale dukani. Kwenye pawa saplai kuna kibandiko kinachotaja jumla ya wati; katika kompyuta hizi mara nyingi ni kati ya 180 na 300. Nyuma yake, hasa katika mashine za zamani, huweza kuwapo swichi ndogo nyekundu yenye maandishi 115 na 230. Ikiwa imeachwa kwenye 115, kuichomeka kwenye soketi ya Kenya kutaiunguza mara moja. Kubadilisha pawa saplai baadaye si rahisi, kwa kuwa Dell na HP hutumia plagi na maumbo yao wenyewe katika mashine nyingi za ofisi. Ndiyo maana kadi inayofaa ni ile inayoridhika na wati 75 zinazotoka kwenye nafasi yake katika ubao mama, bila waya wa ziada. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na matoleo mengi ya GTX 1650 ya mwaka 2019 ni za aina hiyo, na zote huendesha vizuri gemu za kandanda na GTA V. Kasha jembamba huhitaji kadi fupi kwa kimo, ambayo ni adimu na ghali. Kasha kubwa la kusimama ni chaguo bora.

Kadi bandia zipo sokoni. Kadi kuukuu hubadilishwa programu yake ya ndani ili ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Programu ya bure iitwayo GPU-Z hufichua nyingi kati ya hizo, na huingia kwenye flashi, kwa hiyo mnunuzi aende nayo.

Anayetaka vipuri vipya anaweza kuanza bila kadi kabisa. Ryzen 5 5600G ina grafiki ndani yake, na hutosha kwa gemu nyepesi. Sharti lake ni vijiti viwili vya ramu, vya GB 8 kila kimoja, kwa sababu grafiki hiyo hutumia ramu ya kompyuta na kijiti kimoja huidumaza.

Diski iwe SSD. Gemu kubwa za sasa huvuka GB 100, mzigo mzito kwa bando za simu. Steam huruhusu mafaili ya gemu kupakuliwa penye intaneti nzuri na kubebwa kwa diski ya nje hadi nyumbani. Skrini kuukuu yenye tundu la VGA pekee itahitaji adapta, maana GTX 1650 haina tundu hilo.

Joto la chini ya mabati na vumbi la kiangazi hufupisha maisha ya feni. Kasha liwekwe juu ya meza, mbali na ukuta, na lipulizwe vumbi kila baada ya wiki chache. Dukani, gemu iachwe ikiendelea kwa nusu saa kabla ya malipo ya M-Pesa kutumwa, na risiti iandikwe namba ya mashine na muda wa dhamana.