SOMO LA UJENZI: PONYA NYUMBA YA ZAMANI KABLA YA KUONGEZA CHUMBA



Hapa Kigongo, wilaya ya Misungwi, nyumba za wazee bado zipo. Nyingine ni za matofali mabichi. Nyingine ni za matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa udongo. Mwaka 1974 watu wengi wa mkoa wa Mwanza walihamia vijijini, wakajenga upesi upesi ili wapate pa kulala. Sasa wajukuu wamezaliwa, na vyumba viwili havitoshi tena.

Tuseme kuna mama mjane anaishi katika nyumba aliyoachiwa na mumewe. Mwanawe mkubwa ameuza pamba, amepata fedha. Anamwambia mama yake:

"Mama, wiki ijayo namleta fundi. Tunaongeza vyumba viwili huko nyuma."

"Ni jambo jema, mwanangu. Lakini ule ufa ulio juu ya kitanda cha wanao, umeuona?"

"Ah, mama, huo tutauziba kwa saruji."

Je, nani anasema sawa? Mama anasema sawa. Ufa ni kama homa. Homa ni dalili tu, ugonjwa uko ndani. Ukiziba ufa bila kujua ugonjwa, ufa utarudi. Na ukiegemeza vyumba vipya kwenye ukuta mgonjwa, fedha yote ya pamba itapotea. Tena watoto wanalala chini ya ukuta huo.

1. SOMA UFA

Wewe umejifunza kusoma. Basi soma na ukuta.

Ufa unaopanda kwa mshazari kutoka kona ya dirisha mara nyingi unaonyesha kuwa msingi umezama upande mmoja. Ufa ulio juu ya mlango unaonyesha kuwa lenta ni dhaifu, au imeliwa na mchwa. Ufa uliolala chini ya paa unaonyesha kuwa paa linausukuma ukuta. Ufa unaofunguka wakati wa kiangazi na kujifunga wakati wa mvua ni kazi ya udongo mweusi wa mbuga. Udongo huo huvimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka.

Chukua penseli. Weka alama pale ufa unapoanzia na pale unapoishia. Andika tarehe ukutani. Rudi baada ya mwezi, andika tena. Fanya hivyo kiangazi na masika. Kama ufa haukuongezeka, ni kovu la zamani. Kama umeongezeka, nyumba bado inatembea.

Funga jiwe kwenye uzi, uliteremshe kando ya ukuta. Hiyo ni timazi yako. Kama ukuta umelala sana, au ufa unaingiza kidole, usingoje mwezi. Watoto wahame chumba hicho leo, na fundi mzoefu aitwe.

2. PONYA NYUMBA KWANZA

Adui wa kwanza ni maji. Paa likitoka nje ya ukuta kiasi cha futi 2, mvua haipigi ukuta. Chimba mfereji wa kuyapeleka maji mbali na msingi. Usimwage maji ya kuogea kando ya ukuta.

Adui wa pili ni mchwa. Vunja njia zao za udongo zinazopanda ukutani. Gonga nguzo na mbao za paa. Ikilia kama debe tupu, imeliwa ndani, ibadilishe.

Adui wa tatu ni upepo wa ziwani. Kama umeondoa nyasi na kuweka mabati, kumbuka kuwa mabati ni mepesi. Upepo huyanyanyua pamoja na mbao zake. Funga mbao za paa kwa waya mnene ulioshikwa ndani ya ukuta, safu kadhaa za matofali chini.

Sasa angalia kosa hili, maana wengi wanalifanya. Ukuta wa matofali mabichi wanaupiga plasta ya saruji ili upendeze. Saruji ni ngumu, udongo ni laini, haviendi pamoja. Plasta inapasuka, maji yanaingia nyuma yake na kukosa pa kutokea. Ukuta unaoza ndani huku nje unang'aa. Ukuta wa udongo upake udongo uliochanganywa na mchanga na samadi ya ng'ombe, au mchanga na chokaa. Kila mwaka urudie palipotoka.

3. NDIPO UONGEZE CHUMBA

Nyumba ya zamani imekwisha kukaa chini. Chumba kipya bado kitakaa. Ukiunganisha kuta mbili kwa nguvu, mpya ikishuka itaivuta ya zamani. Kwa hiyo acha nafasi ya kama sentimita 2 kati yake, uizibe kwa kitu laini kisichopitisha maji.

Mawe tunayo mengi mkoani kwetu. Yatumie kwa msingi. Lakini usichimbe mtaro mrefu wenye kina kuliko msingi wa zamani, karibu na ukuta wa zamani. Ukuta utakosa pa kusimama. Kama ni lazima, chimba kipande cha mita 1, jenga, kikauke, ndipo uchimbe kingine.

Ili kona iwe sawa, tumia uzi. Pima futi 3 upande mmoja na futi 4 upande wa pili. Kutoka alama hadi alama ipatikane futi 5 kamili. Kama si 5, kona imepinda.

Paa jipya limwage maji nje. Mapaa mawili yakimwagiana katikati, hapo ndipo patakapovuja.

4. PIMA KIWANJA

Tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa. Lina urefu wa kilomita 3, na limechukua kazi ya kivuko. Watu wengi wanataka kujenga karibu na barabara. Angalia! Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inatenga mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu. Zamani zilikuwa mita 22 na nusu. Basi nyumba ya baba inaweza kuwa nje ya alama ya zamani lakini ndani ya alama mpya. Usiongeze chumba kuelekea barabarani kabla ya kuuliza TANROADS.

Upande wa ziwa, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Wazee wanajua sababu. Kati ya mwaka 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2. Mwaka 2020 lilipanda tena, likaingia majumbani mwa watu.

5. ANDIKA

Nyumba ya baba ni ya nani? Swali hili limegombanisha ndugu wengi. Kabla ya kuchimba msingi, kaeni pamoja: mama, kaka na dada. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Andikeni nani anatoa fedha, chumba kipya ni cha nani, na mama atalala wapi. Kila mmoja aweke sahihi. Na fundi naye aandikiwe: kazi gani, fedha kiasi gani, na zitalipwa lini.

Tukirudi kwa yule kijana, huenda mwaka huu fedha yake itatosha kuponya nyumba tu, na vyumba vingoje mavuno mengine. Si hasara. Mama yake atalala bila kuutazama ukuta.

MASWALI

1. Kwa nini ufa ni kama homa?
2. Kwa nini plasta ya saruji haifai ukuta wa matofali mabichi?
3. Chumba kipya kinatakiwa kiachane na ukuta wa zamani kwa sentimita ngapi?
4. Zoezi: Zunguka nyumba yako leo. Hesabu nyufa zote, uandike mahali pake na tarehe katika daftari lako.