Banda la Kuku Uani: Somo kwa Wenye Nyumba wa Kizingo

Mtu mwenye ua mjini hupenda kuweka kuku wachache, wampatie mayai ya asubuhi na kitoweo cha mgeni. Lakini wengi hujenga banda baada ya kununua kuku, kwa mbao zilizookotwa na bati lililotoboka, na matokeo yake tunayajua sote. Joto la mchana huwachosha kuku, panya hula mayai, nguchiro huingia usiku, na siku moja maradhi hupita na kuondoka na wote. Somo la leo ni namna ya kutengeneza banda la kuku 12, litakalofaa ua wa Kizingo au sehemu nyingine ya kisiwa cha Mombasa.

KWA NINI BANDA NI JAMBO KUBWA HAPA KWETU

Adui mkuu wa kuku katika Afrika Mashariki ni maradhi ya kideri. Yalitambuliwa mwaka 1926 katika kisiwa cha Java na karibu na mji wa Newcastle, Uingereza. Katika Kenya yaliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1935, na mahali penyewe palikuwa ni hapa Mombasa. Kisha yakaenea bara. Kuku mgonjwa huinamisha mabawa, hupumua kwa shida, huharisha choo cha kijani, na pengine shingo yake hupinda. Kuku wasiochanjwa waweza kufa karibu wote kwa siku chache, wala hakuna dawa ya kuwaponya.

Kinga yake ni chanjo, nayo haina budi kurudiwa kwa muda atakaouagiza Bwana Mifugo. Hapo ndipo faida ya banda inapoonekana. Kuku walalao juu ya mwembe au darini kwa jirani hawashikiki wote siku ya chanjo. Wawili watatu hukosa, na hao ndio watakaougua kwanza. Bali kuku walalao bandani, mtu huwashika mmoja mmoja alfajiri kabla ya kufungua mlango, akajua kwa hakika kuwa hakuna aliyesahauliwa.

MAHALI NA UPANDE

Kabla ya kuchimba msingi, uliza ofisi ya kaunti kama pana sharti lolote kuhusu kufuga kuku katika mtaa wako. Kisha sema na jirani. Usijenge chini ya dirisha lake, maana jogoo hawiki kwa mwenyewe peke yake, na harufu haijui mpaka wa kiwanja.

Kizingo ni upande wa kusini wa kisiwa, unaotazama bahari. Kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba upepo wa kusi huvuma kutoka baharini, na mwanzoni mwake ndipo inaponyesha masika. Kuanzia Desemba mpaka Machi huvuma kaskazi, na joto huzidi. Banda jema hupokea pepo zote mbili bila ya kupokea mvua. Basi lilaze banda kwa urefu kutoka mashariki hadi magharibi. Hivyo jua la asubuhi na la alasiri litapiga ncha zake fupi tu, na pande ndefu zitapitisha upepo. Kama una mti wa kivuli upande wa magharibi, ni bora zaidi.

VIPIMO

Kuku watatu wakubwa huhitaji nafasi ya mita moja mraba. Banda letu litakuwa na urefu wa mita 3 na upana wa mita 1 na nusu, yaani mita nne na nusu mraba. Kwa kuku 12 nafasi hiyo yatosha, na ziada kidogo. Usishawishike kuongeza kuku wengine. Kuku waliosongamana hudonoana na hewa yao huchafuka.

Inua sakafu sentimita 20 juu ya ardhi kwa mawe ya matumbawe na kifusi kilichoshindiliwa, kisha uipige saruji nyembamba, iinamie kidogo upande wa mlango ili maji ya kuoshea yatoke. Jenga ukuta wa mawe wenye kimo cha sentimita 60 kuuzunguka msingi wote. Ukuta huo huzuia nguchiro na panya wasichimbe, nao huwakinga kuku na upepo mkali wanapokaa chini.

Juu ya ukuta simamisha nguzo za mvinje, na nafasi ya mita 1 na sentimita 20 iliyobaki uifunge kwa waya wa matundu. Jumla, kimo cha pande ndefu ni mita 1 na sentimita 80. Matundu ya waya yasizidi sentimita 1 na robo, kwa sababu panya na nyoka hupita penye upana zaidi. Chagua waya na misumari iliyopakwa zinki. Hewa ya chumvi ya Kizingo hula chuma kitupu upesi. Upande wa kusini ning'iniza pazia la magunia, uliteremshe wakati wa mvua ya kusi na kulikunja mara ikatikapo. Upande wa kaskazini usiuzibe.

PAA

Mabati huzuia mvua vizuri, lakini bila ya kitu chini yake huligeuza banda kuwa tanuri. Kwa joto la pwani makuti ni bora. Makuti yataka mwinamo mkali, ama sivyo yatavuja. Kwa upana wetu, inua mgongo wa paa sentimita 75 juu ya pande ndefu, na uyaache makuti yatokeze nusu mita nje kila upande. Ubaya wa makuti ni kuwa panya hupenda kukaa ndani yake. Kwa hiyo pigilia waya ule ule chini ya mapau, kabla ya kuezeka. Zibeni pia pembe tatu za kila ncha kwa waya, maana wengi husahau hapo.

VYA NDANI

Kuku hupenda kulala juu. Kila mmoja apate sentimita 20 za kijiti cha kulalia. Kuku 12 watahitaji mita 2 na sentimita 40. Weka vijiti viwili vya mita 1 na sentimita 40, mbali na mlango, vyote kwa kimo kimoja cha sentimita 60, viachane sentimita 30. Vikiwa kimoja juu na kingine chini, kuku watagombania cha juu kila jioni. Visipigiliwe misumari, ili viweze kutolewa na kumwagiwa maji ya moto, kwa kuwa utitiri hujificha katika nyufa na kufyonza damu usiku.

Viota vitatu vyatosha, kila kimoja sentimita 30 kwa 30, mahali penye giza kidogo, na chini kuliko vijiti ili kuku wasilale humo na kuchafua mayai. Tandaza maranda makavu ya seremala sakafuni kwa unene wa sentimita 8, uyageuze mara kwa mara, na uondoe yaliyolowa siku ile ile. Paka kuta chokaa ndani, ukiziba kila ufa.

KIZIMBA CHA MGENI

Waswahili husema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Jenga kizimba kidogo mbali na banda kadiri ua unavyoruhusu. Kuku yeyote uliyemnunua au kupewa zawadi akae humo wiki 3, awe na chombo chake cha maji na cha chakula. Walishe wenyeji kwanza, mgeni mwishoni, kisha unawe mikono na kuosha viatu, kwani kideri husafiri kwa kinyesi, kwa viatu na kwa matenga. Akifa kuku ghafula, usimwuze wala usimtupe jaani. Mwarifu Bwana Mifugo, na mzoga uteketezwe au uzikwe kwa kina.

Vifaranga nao wasitoke uani bila ya ulinzi. Kunguru weusi wenye shingo ya kijivu, walioletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, sasa wameenea pwani yote, nao hunyakua kifaranga mbele ya macho ya mama yake. Waweke chini ya tenga kubwa au ndani ya waya mpaka wakomae.

Banda la namna hii si la anasa. Mawe, mvinje na makuti ni vitu vya hapa hapa pwani, na fundi wa kawaida aweza kuvishika. Chukua kamba leo upime ua wako, na ujenge kabla ya masika. Kisha, banda likikauka na chokaa ikikolea, ndipo uende kununua kuku.