Muhuri juu ya Ankara ya Mauzo ya Nje

Ankara ya biashara ni hati ambayo muuzaji humpa mnunuzi kueleza aina ya bidhaa, kiasi chake, bei na masharti ya malipo. Bidhaa zinapovuka mpaka, hati hiyo husomwa pia na forodha, benki na kampuni ya bima. Ndiyo sababu baadhi ya nchi hutaka ithibitishwe rasmi.

Tangu Februari 2023, Falme za Kiarabu huagiza kwamba ankara za bidhaa zinazoingia nchini humo zenye thamani ya dirhamu 10,000 au zaidi, yaani takriban dola 2,700 za Marekani, zithibitishwe na Wizara yake ya Mambo ya Nje, isipokuwa zilizosamehewa. Ada ni dirhamu 150 kwa kila ankara.

Tuchukue mfano wa mkulima wa Njombe anayemuuzia mnunuzi wa Dubai kilo 2,000 za parachichi kwa dola 2 kila kilo. Thamani ni dola 4,000, hivyo ankara yapaswa kuthibitishwa. Mnunuzi anamwomba aandike dola 1 kwa kilo ili wakwepe ada hiyo.

Tunamshauri mkulima akatae. Ada inayokwepwa ni kama dola 41 tu. Mnunuzi asipolipa, mkulima atabaki na hati aliyoitia saini mwenyewe, inayoonyesha kuwa anadai dola 2,000, nusu ya haki yake. Shehena ikiharibika njiani, bima nayo itaitazama hati hiyohiyo. Zaidi ya hayo, kutoa maelezo ya uongo kwa forodha ni kosa kisheria.

Ieleweke pia kwamba muhuri hauthibitishi ubora wa bidhaa, wala hauhakikishi malipo. Mahali zilikotoka huonyeshwa na cheti cha uasilia, na usalama wa mazao dhidi ya wadudu na magonjwa huonyeshwa na cheti cha afya ya mimea.

Kabla ya kuwasilisha ankara, hakikisha kwamba:

1. Majina na anwani za pande zote mbili ni kamili.
2. Uzito na idadi vinalingana na vilivyo katika hati nyingine za shehena.
3. Bei ni ile mliyokubaliana, na sarafu imetajwa.
4. Nakala iliyotiwa saini imebaki mikononi mwako.

Usitie saini ankara yenye bei usiyoweza kuitetea mbele ya hakimu.