MIAKA 30 TANGU MKUTANO WA BEIJING
Somo la kuzungumzwa mitaani, akina mama na akina baba pamoja



Neno "Beijing" limekuwa la mzaha katika baraza zetu. Mama akichelewa kurudi kutoka shambani, au akithubutu kuuliza fedha za kahawa zimekwenda wapi, hakosi mtu wa kumwambia, "Aa, hiyo ndiyo Beijing yenu." Watu hucheka, na habari huishia hapo. Vijana waliozaliwa baada ya mkutano ule hulitumia neno hilo bila kujua kwamba ni jina la mji, sembuse kujua mambo yaliyozungumzwa huko. Septemba 2025 ilitimia miaka 30 tangu mkutano huo ufanyike. Tumeona ni vema tueleze habari zake katika ukurasa huu wa masomo, ili anayecheka ajue anacheka nini, na anayetetea ajue anatetea nini.

Tuanze nyuma kidogo. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 1975 kuwa Mwaka wa Wanawake, ukaitisha mkutano wa kwanza mjini Mexico. Wa pili ulikuwa Copenhagen mwaka 1980. Wa tatu ulikuja kwa jirani zetu, Nairobi, tangu tarehe 15 hadi 26 Julai 1985, na aliyekalia kiti cha mwenyekiti ni Bi Margaret Kenyatta, binti wa Mzee Jomo Kenyatta. Sisi tuliokuwa walimu vijana wakati ule tulizifuata habari zake katika Redio Tanzania, betri zilipopatikana, maana wenye umri wetu wanakumbuka jinsi betri, sabuni na chumvi zilivyoadimika miaka ile. Mbali na wajumbe wa serikali, maelfu ya wanawake walikusanyika Chuo Kikuu cha Nairobi kwa mkutano wao wenyewe. Mwezi uliofuata, Agosti 1985, Tanzania iliridhia mkataba wa mwaka 1979 wa kuondoa kila namna ya ubaguzi juu ya wanawake. Msomaji aushike moyoni mkataba huo, maana tutaurudia.

Mkutano wa nne ndio ule wa Beijing, uliofanyika tangu tarehe 4 hadi 15 Septemba 1995. Nchi 189 zilipeleka wajumbe. Katibu Mkuu wa mkutano wote, yule aliyezunguka dunia kuutayarisha, alikuwa Mtanzania: Mama Gertrude Mongella, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe, mwaka 1945. Kabla ya kuingia siasa alikuwa mkufunzi katika Chuo cha Ualimu Chang'ombe. Sisi watu wa chaki tusamehewe tukijivuna kidogo. Watanzania walimpa jina la Mama Beijing, na mwaka 2004 akachaguliwa kuwa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika.

Wale wasiokuwa wajumbe wa serikali, wapatao 30,000, waliwekwa Huairou, mji mdogo ulio mbali na Beijing. Mvua ilinyesha, viwanja vikawa matope, na mahema mengine yakavuja. Hata hivyo walikaa. Mwanamke wa kwetu aliyezoea kupanda milima ya Umatengo mwezi wa Machi, udongo umeteleza na mtoto yuko mgongoni, angewaelewa.

Je, walikubaliana nini? Walitoa Azimio na Mpango wa Utekelezaji wenye mambo 12 makubwa: umaskini, elimu, afya, ukatili juu ya wanawake, vita, uchumi, madaraka na uamuzi, vyombo vya kusimamia maendeleo ya wanawake, haki za binadamu, vyombo vya habari, mazingira, na mtoto wa kike. Hilo la mwisho lina mkono wa Afrika ndani yake, kwa kuwa mkutano wetu wa matayarisho, uliofanyika Dakar Novemba 1994, ulilitaja mtoto wa kike miongoni mwa mambo yake. Tanzania, baada ya kurudi, ilichagua mambo manne ya kuanza nayo: haki za wanawake katika sheria, uwezo wa kiuchumi, nafasi katika uongozi na uamuzi, na elimu pamoja na ajira.

Hapa hapana budi tusahihishe kosa linalofanywa na pande zote mbili, wanaopenda na wasiopenda. Azimio la Beijing si sheria. Hakuna mahakama ya Mbinga inayoweza kumhukumu mtu kwa Azimio hilo. Ni ahadi zilizotolewa na serikali mbele ya dunia, na ahadi huwa na nguvu pale tu aliyeahidiwa anapokwenda kuidai.

Wasomaji wa Biblia wanajua mfano wake. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, mabinti watano wa Selofehadi, yaani Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, walisimama mlangoni pa hema mbele ya Musa, kuhani Eleazari, wakuu na mkutano wote. Baba yao alikufa bila mtoto wa kiume, nao waliuliza kwa nini jina lake lifutike katika ukoo. Walitaka milki. Jibu la Mungu kwa Musa lilikuwa kwamba mabinti hao wamesema haki. Wengi wetu tunasimamia hapo. Lakini ukisoma sura ya 36 utaona wanaume wa ukoo walirudi na hofu yao: hawa wakiolewa kabila lingine, ardhi itaondoka. Basi wakawekewa sharti la kuolewa ndani ya kabila la baba yao. Kisha soma Yoshua 17. Musa amekwisha kufa, ardhi inagawanywa, na mabinti wale wanalazimika kwenda tena mbele ya Eleazari na Yoshua kukumbusha yaliyoamriwa. Ndipo wakapata. Hukumu ilikuwapo, tena ilitoka juu kabisa. Bado ilidaiwa mara ya pili.

Hofu ile ya sura ya 36 ndiyo tunayoisikia hapa kwetu hata leo. Na imekwisha kupimwa mahakamani. Sehemu za Muleba, mkoa wa Kagera, mama mmoja mzee aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake aliliuza mwaka 1988 kwa mtu asiye wa ukoo, kwa shilingi 300,000. Mpwa wake alimshitaki, akitegemea sheria ya mila iliyomruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo lakini asiiuze. Mahakama ya Mwanzo ilimpa mpwa ushindi, ya Wilaya ikampa mama. Mwaka 1990 shauri lilifika Mahakama Kuu ya Mwanza mbele ya Jaji Mwalusanya. Yeye aliitazama Katiba, ambayo iliingiziwa haki za binadamu mwaka 1984, akautazama na ule mkataba ulioridhiwa 1985, akasema mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Ndugu wa ukoo waliruhusiwa kulikomboa shamba, lakini kwa kulipa bei ileile. Tazameni mwaka: 1990, miaka mitano kabla ya Beijing.

Kwa hiyo wanaosema kwamba haki za wanawake zililetwa na ndege kutoka Uchina hawakusoma vizuri. Sheria ya Ndoa ni ya mwaka 1971. Ndani yake imeandikwa kwamba mtu hana haki ya kumpiga mwenzake wa ndoa, na kwamba nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzake. (Sheria hiyohiyo iliruhusu binti aolewe na miaka 15, na hata 14 kwa kibali cha mahakama, vifungu hivyo vilihukumiwa na Mahakama Kuu mwaka 2016 kuwa kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali mwaka 2019.) Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Nyalali, ilisema kazi za mke nyumbani zihesabiwe kuwa mchango katika mali ya ndoa. Kupika, kuchota maji, kulea: vyote ni mchango.

Beijing basi ilifanya nini? Kwa maoni yetu iliwapa ushupavu waliokuwa wakisema peke yao, na iliibana serikali iwe na la kueleza kila baada ya miaka mitano. Sheria ya makosa ya kujamiiana ilitoka 1998. Mwaka 1999 zikaja sheria mbili za ardhi, ya 4 na ya 5. Ile ya 5, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wa Mbinga na wa mwambao wa Nyasa.

Tuitazame hali yetu pasipo kuoneana haya. Katika ngolo, kwa desturi, wanaume hufyeka majani na kuyalaza chini kwa mistari inayokatana. Wanawake ndio huchimba katikati, wakatupa udongo juu ya majani mpaka matuta yasimame na mashimo yabaki, kisha wakapanda maharage. Mvua zinazofuata hupandwa mahindi. Wataalamu wametoka mbali kuja kusifu jinsi ngolo inavyozuia udongo usichukuliwe na maji, nao wana haki kusifu. Lakini jembe lililofanya kazi kubwa lilishikwa na nani? Na jina la mwenye mlima ni la nani? Katika kahawa, mama na watoto huchuma, huchambua na huanika. Fedha hulipwa kwa jina lililo katika daftari la chama cha msingi, na mara nyingi jina hilo ni la baba. Chini ziwani, Liuli, Lituhi na Mbamba Bay, mtumbwi na nyavu ni vya mwanamume, na mwanamke hununua usipa pwani, huanika, hugeuza, hufukuza kunguru, ndipo apeleke sokoni. Hatusemi akina baba wote ni wabaya. Tunawajua wanaoweka fedha mezani mke akihesabu. Tunasema jambo likitegemea wema wa mtu, huyo mtu akifa limekwisha.

Na kifo ndicho kipimo. Tuseme mama ameishi na mumewe miaka 30, wamepanda miche ya kahawa pamoja. Mume anafariki. Siku ya arobaini haijafika, ndugu wameanza kuuliza hati ziko wapi. Sheria za mirathi nchini mwetu si moja: iko ya mila, iko ya Kiislamu, na iko ile ya kale ya mwaka 1865 iliyotoka India. Ile ya mila, iliyoandikwa mwaka 1963, ilimweka mjane chini ya matunzo ya watoto wake badala ya kumpa fungu, na binti akawekwa nyuma ya ndugu zake wa kiume. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri, katika shauri la wajane wawili, kwamba kanuni hizo zina ubaguzi, lakini haikuzifuta. Wajane hao walikwenda hadi kwenye kamati ya ule mkataba wa 1979, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania imeuvunja.

Kwa hiyo asingoje mtu mirathi imwamulie. Sheria ya 1999 inasema mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki, kutumia na kutoa ardhi kama mwanamume, na mila inayomnyima haina nguvu. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina ya mume na mke. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Tumeuliza katika vijiji vichache, tukajibiwa kwamba wajumbe hao wapo. Tulipouliza kama huzungumza, tukaona watu wanatazama chini. Wosia nao uandikwe mtu angali na akili na nguvu zake, mashahidi wakiwepo, wala asidhani anajiitia kifo. Mkulima huweka mbegu ghalani bila kudhani ataleta njaa.

Maswali ya kuzungumza mtaani:

Katika nyumba yako, jina la nani limo katika daftari la chama cha kahawa, na la nani katika karatasi za shamba? Kama hakuna karatasi, ni nani angeshuhudia?

Wajumbe wanawake wa Baraza la Ardhi la kijiji chako ni akina nani? Watajeni kwa majina.

Akina baba wajibu wenyewe, akina mama wakisikiliza: ukifa leo usiku, mkeo atalala wapi mwezi ujao?

Someni Hesabu 27, Hesabu 36 na Yoshua 17 kwa mfuatano huo. Mabinti wale wasingekwenda kwa Yoshua, ingekuwaje?

Majibu yaandikwe na katibu wa mtaa, yaletwe kwa mwalimu wa kanisa kabla ya mkutano ujao. Wasiojua kuandika waseme, mwenye kalamu awaandikie kama walivyosema, asiwarekebishie maneno.